Kilichonivusha Lozells

Nilifika Birmingham Septemba 2022 kusomea shahada ya sayansi ya tiba, na chumba nilichokimudu kilikuwa Lozells, mtaa wa kaskazini-magharibi ya mji, uliobanwa kati ya Handsworth, Aston na Hockley. Nyumba zake ni za matofali mekundu, zimeshikana kuta, nyingi zilijengwa enzi za Malkia Victoria, na siku hizi nyingine zimegawanywa vyumba vya kupangisha. Wakazi ni Wabangladeshi, Wapakistani, watu wa asili ya Jamaika na visiwa vingine vya Karibi, Wasomali, na sisi wa Afrika Mashariki wachache wachache. Binamu zangu wa Mombasa waliposikia jina la mtaa walilitafuta kwenye simu, wakakuta habari za ghasia za Septemba 1985 na zile za Oktoba 2005. Usiku huo huo wakanipigia kuniuliza kama hakukuwa na mahali pengine.

Ushuhuda huu nawaandikia vijana wetu waliotumwa kusoma mbali, na wazazi waliowatuma. Nimevuka mwaka ambao mwanafunzi mwenzangu mmoja, mwenye akili kunishinda, hakuweza kuuvuka. Alikatiza masomo akarudi kwao. Watu waliotujua sote wawili husema mimi nina moyo mgumu. Nakataa. Nilikuwa nikisomea mwili wa binadamu wakati ule ule mwili wangu mwenyewe ukielemewa, kwa hiyo nilipata nafasi ya kuona kwa karibu ni nini hasa humshika mtu asianguke.

Nianze na pesa, maana ndipo mambo yalipoanzia. Babangu alikuwa na duka la vipuri vya magari Mombasa, na ndilo lililonilipia karo. Nilipofika huku, pauni moja ilikuwa haijafika shilingi 150 za Kenya. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita 200. Babangu hakupunguza hata senti ya alichokuwa akituma. Kilipungua chenyewe kabla hakijanifikia. Mwenye viza ya mwanafunzi wa shahada haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, wala hana haki ya misaada ya serikali ya Uingereza. Nikapata zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee: kugeuza wagonjwa kitandani, kufua mashuka, kuandaa uji wa alfajiri. Kutoka zamu naenda darasani.

Novemba 2023 babangu alifariki kwa kiharusi. Alizikwa siku ile ile, kama ilivyo kwetu. Nilifuata maziko kwenye simu iliyoshikwa na binamu yangu, nikaona mabega ya watu, jeneza likipita juu yao, kisha udongo. Hata kama ningekuwa na nauli nisingewahi. Jioni mamangu alinipigia, sauti imemkauka, akaniambia, "Jikaze, mwanangu. Babako alitaka usome." Aliyasema kwa mapenzi, na hakuwa na lingine la kunipa. Nikajikaza.

Desemba ya Birmingham jua huchomoza saa mbili na kitu asubuhi na huzama kabla ya saa kumi jioni. Anayefanya kazi usiku na kulala mchana huweza kupitisha wiki nzima asilione. Mwili wangu ukaanza kunipa ishara. Hedhi ilikatika. Nilikuwa nikisoma ukurasa mmoja mara nne na nikifunga kitabu sikumbuki hata kichwa cha habari. Halafu kulikuwa na mkono. Nilikuwa nimeungua kidogo kwa sinia ya joko kule kazini, jeraha dogo la kupona kwa wiki moja na kusahauliwa. Jeraha lile lilikaa bichi, likafunga, likafunguka tena. Februari, nywele zikaanza kutoka kwa mafungu kila nikichana.

Jibu la mkono nililipata darasani. Mhadhiri wetu wa fiziolojia alitusimulia utafiti uliofanywa katika jimbo la Ohio, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998. Wanafunzi 11 wa udaktari wa meno walikubali kutobolewa kijeraha cha milimita 3.5 kwenye kaakaa la kinywa, mara moja wakati wa likizo ya kiangazi na mara nyingine siku 3 kabla ya mtihani mkubwa. Vijeraha vya wakati wa mtihani vilichelewa kupona kwa wastani wa siku 3 zaidi, yaani taratibu kwa kiasi cha asilimia 40. Hakukuwa na hata mmoja kati yao aliyepona upesi wakati wa mtihani kama alivyopona likizoni. Nilivuta mkono wa sweta kufunika bendeji, nikaandika takwimu zile daftarini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuhisi kwamba kinachonipata kina sababu, kinapimika, na kimewapata wengine ambao hakuna aliyewaita dhaifu.

Niwaeleze kwa ufupi kinavyokwenda. Mtu akitishika, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipothalamasi hutuma homoni kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari hutuma nyingine kupitia damu hadi tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, na tezi hizo hutoa kotisoli. Kotisoli si adui. Huongeza sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu, na huahirisha shughuli ambazo mwili unaweza kuzisubirisha: kukarabati ngozi, kukuza nywele, kuandaa uzazi. Kisha hurudi ubongoni na kuuambia utosheke. Ni kama mlinzi wa usiku anayepiga filimbi, majirani wakatoka, mwizi akakimbia, filimbi ikanyamaza. Balaa huja pale kitisho kisipoondoka. Filimbi hulia mfululizo hadi ubongo unapunguza kuisikia amri ya kutosheka, na vile vilivyoahirishwa vinaendelea kungoja. Bruce McEwen, mwanasayansi wa Marekani aliyefanya kazi miaka mingi New York, ndiye aliyegundua mwaka 1968 kwamba homoni za jamii hii hunata ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo tunayoitegemea kuweka na kutafuta kumbukumbu. Mwaka 1993 yeye na mwenzake Eliot Stellar waliandika kuhusu gharama ambayo mwili hulipa kwa kujirekebisha mara kwa mara bila kupumzika. Nilipomsoma nilielewa ule ukurasa niliousoma mara nne.

Kaka yangu alikuwa na maelezo yake. Aliniambia nina damu ya bibi yetu mzaa baba, aliyelea watoto peke yake na hakuwahi kuonekana akilia. Wazo hilo linapendwa hata na wenye maabara. Mwaka 2003 utafiti wa New Zealand uliofuata vijana wapatao 850 ulidai kwamba umbo fulani la jeni linalohusika na serotonini huamua nani atavunjika na nani atasimama akipatwa na mikasa. Kwa miaka mingi ikasadikiwa hivyo. Mwaka 2019 uchambuzi mkubwa uliotumia taarifa za watu wengi mno kuliko wale haukuiona athari hiyo. Urithi una sehemu yake, hakuna ubishi, maana watu hatuzaliwi na mishipa ya fahamu inayofanana. Lakini hakuna jeni moja ya moyo mgumu, na mtoto asiambiwe anayo, wala asiambiwe hana. Na bibi yetu, nilipomuuliza mamangu, alikuwa na dada zake wawili nyumba ya pili, na kila jioni walikaa pamoja barazani.

Mimi barazani kwangu palikuwa kwa Mama wa Bukavu. Ndivyo tulivyomwita mtaani. Alifika Uingereza kuomba hifadhi, na serikali, kwa mpango ulioanza na sheria ya mwaka 1999 wa kuwatawanya waomba hifadhi nje ya London, ikampeleka Birmingham. Aliishi mlango wa tatu kutoka kwangu. Tulifahamiana kwenye duka moja la Soho Road tukigombea pakiti ya mwisho ya kisamvu kilichogandishwa, yeye akikiita sombe. Habari za msiba wangu alizipata kwa jirani wa Kisomali. Akaja, akagonga, nikafungua nikiwa bado na sare ya kazi. Hakunipa pole ndefu. Alisema, "Mutoto, kuya ukule. Ingine tutaongea nyuma."

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada yake nilikula kwake. Mimi Muislamu wa Mombasa, yeye Mprotestanti wa Kivu. Alinunua kuku kwa mchinjaji wa Kibangladeshi wa Lozells Road ili nisiwe na shaka. Kulikuwa na wajukuu, kelele, na televisheni isiyozimwa. Mara nyingi hatukumzungumzia babangu kabisa. Siku moja nililia juu ya sahani, na yeye akaendelea kumenya ndizi pembeni yangu bila kuondoka na bila kuniharakisha. Sijapata kutulizwa vile na mtu yeyote.

Baadaye, nikitafuta mada ya insha ya mwaka wa tatu, nilikuta majaribio ya Chuo Kikuu cha Zurich ya mwaka 2003. Wanaume walitakiwa kutoa hotuba na kufanya hesabu kwa sauti mbele ya watu wasiotabasamu. Waliokuja na rafiki yao wa karibu kuwasaidia kujiandaa walitoa kotisoli kidogo kuliko waliokuja peke yao, na waliopewa pamoja na hayo homoni ya oksitosini ndio waliotulia zaidi ya wote. Kuna na utafiti mrefu zaidi, wa kisiwa cha Kauai kule Hawaii, ambako Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Katika wale waliokulia kwenye ufukara, ugomvi na maradhi ya wazazi, theluthi moja hivi waliinukia kuwa watu wazima imara, na jambo lililojirudia katika maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea, hata asiye mzazi. Yule mwenzangu aliyerudi kwao aliishi peke yake katika bweni zuri kuliko chumba changu, lenye ulinzi na lifti. Hakuwa na mtu wa kumwambia kuya ukule. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na sioni nyingine.

Niseme na haya kuhusu Lozells, kwa sababu mtaa huu husingiziwa mengi. Tarehe 22 Oktoba 2005, uvumi ambao haukuthibitishwa kamwe uliwagombanisha watu weusi na Waasia katika barabara hizi hizi, na kijana mmoja asiye na hatia aliyekuwa akirudi nyumbani akauawa kwa kisu. Januari 2024, katika barabara hizo hizo, mzee wa Kibangladeshi mwenye duka aliniandikia deni la mchele, mafuta na dengu kwenye daftari lake, mimi msichana mweusi ambaye hakumjua hata jina la ukoo, mpaka mshahara ulipoingia. Ramadhani ilipoanza tarehe 11 Machi, nilifuturu na wanawake msikitini kwa tende, chana na pilau wasilolipisha mtu. Nilikuwa nimekwisha kupoteza kilo kadhaa. Nilizirudisha mwezi wa kufunga.

Mengine yaliyonisaidia yalikuwa ya kawaida kiasi kwamba mtu anaweza kuyadharau. Daktari wa zahanati ya mtaa, ambaye mwanafunzi wa kigeni anayo haki ya kumwona kwa kuwa hulipia ada ya afya pamoja na viza, alinipima damu, akakuta vitamini D iko chini sana. Idara ya afya ya Uingereza hushauri watu wenye ngozi nyeusi, na wanaojisitiri kwa mavazi, watumie mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku mwaka mzima. Nani alituambia hilo kabla ya safari? Tulipewa mashuka, bizari na dua. Daktari huyo huyo ndiye aliyenieleza kwamba nywele hudondoka miezi miwili mitatu baada ya pigo, na kwamba kwa kawaida hurudi. Zilirudi.

Kazini nilimwomba msimamizi anibadilishie zamu ziwe za mchana wa Jumamosi na Jumapili jioni. Alikubali. Nikaanza kuamka saa ile ile kila siku na kutembea hadi Handsworth Park kabla ya darasa, hata kukiwa na manyunyu. Nilijua sababu: kwa mtu mwenye afya kotisoli hupanda katika nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka na hushuka kabisa karibu na usiku wa manane, na mwanga wa asubuhi, hata wa mawingu, ndio unaoirekebisha saa hiyo ya ndani. Majuma ya kwanza sikuona faida. Mwezi wa pili nikaanza kulala bila kusikia basi la mwisho likipita.

Mshauri nasaha wa chuo alinisikiliza zaidi ya alivyosema. Jambo moja alilonifundisha lilinisaidia mno kwenye mitihani ya mdomo, ambayo niliiogopa kwa sababu moyo ulikuwa ukinienda mbio nikidhani nazimia. Aliniambia moyo ule unapeleka damu ubongoni, kwa hiyo niuache ufanye kazi yake. Nilidhani ni maneno ya kunifariji tu, nikaenda kuchunguza. Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na wenzake walichapisha jaribio kuhusu wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kuingia masomo ya uzamili Marekani: walioelezwa kabla kwamba msisimko wa mwili huweza kumsaidia mtu kufanya vizuri walipata alama bora za hesabu kuliko wasioelezwa. Mwili ulikuwa ule ule. Maana waliyoupa ndiyo iliyobadilika. Nami niliingia chumba cha mtihani nikisema bismillahi na kuuacha moyo udunde.

Na kuna karatasi. Vyuo vya Uingereza vina utaratibu wa kuomba mtihani uahirishwe kwa msiba au maradhi. Wenzetu wengi hawaujui, au wanaona ni aibu kuutumia, kana kwamba wanaomba kupendelewa. Niliutumia, nikapeleka cheti cha kifo cha babangu na barua ya daktari. Somo moja la Januari nikalifanya Agosti, nikiwa nimelala, nimekula, na mkono wangu umepona. Julai 2025 nilihitimu. Mama wa Bukavu alikaa ukumbini kwenye kiti ambacho kingekuwa cha babangu, amevaa vitenge vipya, na mamangu alitazama kwenye simu kutoka Mombasa, ile ile tuliyozikia.

Nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona wanaopotea: neno "jikaze" likisimama peke yake linaumiza. Mwanafunzi anayeambiwa jikaze kila anapopiga simu hujifunza kuacha kusema, na mwili uliozuiwa kusema hauachi kutoa kotisoli. Sipingi subira. Subira yetu ya dini na ya wazee haikuwa ya mtu mmoja chumbani. Ilikuwa na matanga, na khitma, na majirani wanaoleta chakula siku tatu mfululizo. Tukiwatuma watoto ng'ambo tunawapa wosia wa subira, lakini majirani hao wanabaki nyumbani.

Wazazi, mkipiga simu ulizeni: umelala saa ngapi, umekula na nani, jua umeliona? Majibu ya maswali hayo yatawaambia mengi kuliko "niko sawa". Mashirika ya wanafunzi wa Kiafrika vyuoni nayo yaache kuishia kwenye sherehe za Uhuru na mashindano ya mpira. Kule Kenya, taasisi ya Shamiri imetumia vijana waliomaliza sekondari tu, bila shahada ya saikolojia, kuongoza vikundi vya wanafunzi wa shule kwa wiki nne, wakizungumzia shukrani, maadili wanayoyathamini na uwezo wa mtu kukua. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanafunzi 413, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Ikiwa hilo limewezekana shuleni Kenya, linawezekana katika chumba cha mikutano cha chuo chochote Birmingham, Manchester au Leeds, kwa Kiswahili na kwa chai.

Na wewe unayesoma haya usiku, huko uliko Uingereza, mbali na kwenu, usiyelala: jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki hii, na mtafute mshauri wa chuo kabla ya mitihani kukaribia. Ukielemewa usiku huu huu, piga 111 uchague namba 2, au uwapigie Samaritans kwa 116 123. Hupokea simu saa 24 kila siku, na simu hiyo hailipiwi, hata kama kwenye laini yako hakuna salio.